Urea ya 46-0-0: kilo 23 za naitrojeni kwenye mfuko mmoja, lakini kwa masharti

Kwa mkulima wa mahindi anayekuzia wakati udongo una unyevu, na aliye tayari kufukia kila punje ya mbolea, urea ndiyo naitrojeni ya bei nafuu kuliko zote zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Kwa anayerusha punje juu ya ardhi na kuondoka, mfuko huohuo unaweza kumgharimu kuliko CAN (amonia nitrati yenye chokaa). Tathmini hii inahusu urea ya punje ya kilo 50, ile yenye maandishi 46-0-0 (namba za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mfuatano huo), na tunaipima kando ya mbolea mbili za kukuzia zinazokaa nayo rafu moja: CAN na SA (salfeti ya amonia).

Hesabu ya bei kwanza, kwa sababu wengi hulinganisha mfuko na mfuko. Kinacholishwa mmea ni naitrojeni, si uzito wa gunia. Urea ina asilimia 46, hivyo kilo 50 zina kilo 23 za naitrojeni. CAN ya asilimia 26 ina kilo 13. SA yenye asilimia 21 ina kilo 10.5, pamoja na kilo 12 za salfa. Gawanya bei ya mfuko kwa namba hizo, upate bei ya kilo moja ya naitrojeni. Kwa njia ya mkato: CAN inakuwa sawa na urea kwa bei pale tu mfuko wake unapouzwa karibu asilimia 57 ya bei ya mfuko wa urea, na SA inapouzwa karibu asilimia 46, kama huihesabii salfa yake thamani. Ni nadra kukuta pengo kubwa hivyo dukani. Ongeza nauli ya bodaboda au ya pikipiki ya matairi matatu, maana unabeba mifuko michache zaidi, na urea inazidi kushinda.

Ushindi huo ni wa dukani. Shambani mambo hutegemea kemia.

Atomi ya naitrojeni hubadilika tabia kulingana na elektroni ilizojipatia au ilizozitoa, na hilo ndilo namba ya oksidisho inalolieleza. Katika amonia na katika urea namba hiyo ni −3. Katika naitrojeni ya hewani, ile gesi inayojaza asilimia 78 ya hewa kavu, ni 0, na mahindi hayawezi kuitumia. Katika nitriti ni +3, katika nitrati ni +5. Mizizi huchukua naitrojeni hasa kwenye ncha mbili za ngazi hiyo: amoniamu kwa −3 na nitrati kwa +5. Karibu kila hasara ya mbolea shambani hutokea inapopanda au kushuka katikati ya ngazi, inapoponyoka ikiwa gesi kabla haijaanza kupanda, au inaposhushwa na maji.

Urea huanza kwa kuponyoka. Molekuli yake, CO(NH₂)₂, haina chaji, hivyo udongo hauishiki. Mvua kubwa ya masika ikinyesha saa chache baada ya kuweka, huishusha chini pamoja na maji kabla haijageuka. Isiponyesha, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho yurease, kilichojaa kwenye udongo na zaidi kwenye mabaki ya mazao na majani makavu, huivunja kwa maji ikawa amonia na kaboni dioksidi. Katika udongo wenye joto na unyevu kazi hiyo huisha ndani ya siku chache tu. Naitrojeni bado iko kwenye −3, hakuna elektroni iliyohama. Kilichobadilika ni pH, kipimo cha asidi na ubesi: kuizunguka kila punje udongo huwa na ubesi mkali, pH ikifika karibu 9 kwa muda. Hapo ndipo penye hatari. Katika pH 7 chini ya asilimia 1 ya naitrojeni hiyo huwa gesi ya amonia, iliyobaki ni amoniamu yenye chaji chanya inayong'ang'aniwa na chembe za mfinyanzi. Katika pH 9 zaidi ya theluthi moja ni gesi. Punje ikiwa juu ya ardhi, gesi hiyo haina kinachoizuia. Ikiwa chini ya udongo, hukutana na unyevu na mfinyanzi ikageuka amoniamu tena na kubaki.

Kwa hiyo anayerusha urea juu ya ardhi yenye umande au unyevu kidogo, kukiwa na jua, joto na upepo, anaweza kupoteza theluthi moja ya naitrojeni yake kabla ya mvua inayofuata. Unyevu mdogo unatosha kuamsha yurease, lakini hautoshi kuiingiza mbolea ndani. Manyunyu ya milimita mbili ni mabaya kuliko ukavu kamili. Mvua ya milimita 10 hadi 15 iliyotulia ndiyo inayoishusha urea kina cha kutosha. Na ukipanda bila kulima, shamba likiwa limefunikwa na mabua, usirushe kabisa, kwa sababu hayo mabua ndiyo makazi ya kimeng'enya.

Namna sahihi ni hii. Subiri mahindi yafike magotini, yaani majani sita hivi, kwa kawaida wiki ya tatu hadi ya tano kulingana na baridi ya mahali. Palilia kwanza, la sivyo unakuzia magugu. Toboa shimo au chora kijifereji sentimita 10 hadi 15 kutoka shinani, kina cha sentimita 5 hadi 7, weka, kisha fukia na ukanyage kidogo. Usiisogeze karibu zaidi, amonia itaunguza mizizi. Kwa sababu hiyohiyo urea haifai kuwekwa shimo moja na mbegu wakati wa kupanda. Mbegu inayoota kando ya punje ya urea hufa au hutoa mche dhaifu. Kupandia kuna mbolea nyingine, yaani DAP, TSP na NPK, nayo DAP yenyewe isigusane na mbegu.

Kiasi: mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari moja unatoa kilo 23 za naitrojeni, kiwango cha kati kinachofaa mashamba mengi ya mahindi yenye mvua ya wastani. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, ekari ina miche karibu 18,000, hivyo kila mche unapata gramu 2.8. Kwa 75 kwa 60, miche miwili kila shimo, weka gramu 5.6. Ukitaka naitrojeni ileile kwa CAN unahitaji kilo 88 kwa ekari, karibu gramu 5 kwa mche. Hapa kifuniko cha soda kinachotumika kupimia mbolea huwadanganya watu wengi. Urea ni nyepesi: lita moja ya punje zake ina uzito wa takribani gramu 750, ya CAN inakaribia kilo. Kifuniko kilichozoea CAN hakipimi urea kwa usahihi. Jaza vifuniko mia moja vilivyosawazishwa, pima jumla kwenye mizani ya duka, gawanya kwa mia, na utajua kifuniko chako kina gramu ngapi za mbolea hiyo. Ni kazi ya dakika kumi, na inaokoa mfuko.

Kwenye udongo wa kichanga gawanya mara mbili: nusu mahindi yakiwa magotini, nusu kabla mbelewele hazijatokeza. Sababu ni ngazi ileile. Amoniamu iliyobaki udongoni huliwa na bakteria, kwanza Nitrosomonas wanaoifikisha kwenye nitriti, kisha Nitrobacter na Nitrospira wanaoimalizia kuwa nitrati. Kutoka −3 hadi +5 atomi moja imetoa elektroni nane, nazo zimeishia kwenye oksijeni. Bakteria wanaishi kwa nishati hiyo. Nitrati ina chaji hasi, kama zilivyo chembe za udongo, kwa hiyo haishikwi na chochote. Mvua ya gharika juu ya kichanga huishusha chini ya mizizi, isirudi.

Sasa CAN. Ni amonia nitrati iliyochanganywa na unga wa chokaa, na ndani yake kuna naitrojeni ya aina mbili katika chumvi moja: nusu −3, nusu +5. Nusu ya nitrati haihitaji kimeng'enya wala bakteria. Husafiri na maji hadi mzizini, ndiyo maana mahindi yaliyogeuka njano hubadilika rangi mapema kuliko kwa urea. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama Njombe au Kinangop, ambako bakteria wa udongoni hufanya kazi polepole, tofauti hiyo inaonekana kwa macho. CAN ikiachwa juu ya ardhi haipotezi amonia kwa kiwango cha urea. Kama kazi ya kufukia haiwezekani, iwe kwa uhaba wa vibarua au mahindi yamekwisha kuwa marefu, tunapendekeza CAN bila kusita, hata ikiwa bei ya kilo ya naitrojeni iko juu.

Kwenye jaruba la mpunga lenye maji hukumu inageuka kabisa. Chini ya maji hakuna oksijeni, na bakteria wengine hutumia nitrati badala yake, wakiirudisha chini ngazi: +5, +3, kisha oksidi ya naitrojeni kwenye +2, N₂O kwenye +1, na mwisho gesi ya N₂ kwenye 0. Nusu ya fedha ya CAN inarudi hewani, sehemu yake ikiwa N₂O, gesi inayopasha joto anga zaidi ya mara 250 kuliko kaboni dioksidi kwa uzito uleule katika miaka mia. Mpunga upewe naitrojeni ya −3 pekee: urea au SA. Punguza maji, weka kwenye tope, kanyaga iingie, rudisha maji. Urea ikirushwa juu ya maji yaliyosimama mchana wa jua, hali inakuwa mbaya kwa njia nyingine, kwani mwani hunyonya kaboni dioksidi, pH ya maji hupanda, na amonia huvuka.

SA ina nafasi yake mahali ambapo salfa imepungua, dalili yake ikiwa majani machanga kuwa ya njano huku ya chini yakibaki kijani, kinyume cha upungufu wa naitrojeni ambao huanza na majani ya chini. Lakini SA hutia udongo asidi kuliko nyingine zote. Kila amoniamu inayopanda kuwa nitrati huacha nyuma ioni mbili za haidrojeni. Kwa vipimo vinavyotumika kwenye kilimo, kilo 100 za SA huhitaji karibu kilo 110 za chokaa kufuta asidi yake, kilo 100 za urea karibu kilo 84. Urea hutia asidi kidogo zaidi kwa naitrojeni ileile, kwa sababu ubesi wa mwanzo hufuta sehemu ya asidi ya mwisho, na pia kwa sababu unapata naitrojeni mara mbili kwa uzito uleule. CAN hubeba chokaa yake mwenyewe, ingawa haitoshi kufuta yote. Kwenye udongo uliokwisha kushuka chini ya pH 5.5, kuendelea na SA kila msimu bila chokaa ni kuharibu shamba kwa mikono yako: aluminiamu huyeyuka, mizizi hudumaa, na fosforasi uliyonunua hufungwa. Chokaa yenyewe iwekwe wiki kadhaa kabla. Usiweke urea, SA wala DAP juu ya shamba lililotiwa chokaa au majivu juzi, kwani ubesi utaifukuza amonia.

Kuhusu ubora wa kilichomo mfukoni. Mwaka 2024 nchini Kenya mbolea isiyofikia kiwango ilikutwa kwenye mpango wa ruzuku, na hofu ya wakulima ina msingi. Tanzania mbolea na muuzaji wake wote wanatakiwa kutambuliwa na TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Omba risiti na utazame kama mfuko umeshonwa kiwandani au umeshonwa upya kwa mkono. Zaidi ya hapo kuna vipimo vinavyofanyika nyumbani.

Chukua mililita 100 za maji ya kawaida, tia vijiko vitatu vya chakula vya mbolea, koroga. Urea halisi huyeyuka yote, maji yakabaki safi, na glasi hupoa sana, zaidi ya nyuzi 10. CAN pia hupoza, lakini huacha maji meupe na mashapo ya chokaa. SA na chumvi ya mezani hupoza nyuzi chache tu. Mchanga na unga wa mawe haviyeyuki, na mashapo kwenye mfuko ulioandikwa urea yanatosha kukurudisha dukani.

Kisha kamulia limau kwenye punje kavu. CAN hutoa povu, kwa sababu kaboneti yake hutoa kaboni dioksidi. Urea na SA hazitoi.

Kipimo cha tatu kifanyike nje, uso ukiwa mbali. Changanya kijiko cha mbolea na kijiko cha chokaa ya kupaka kuta, dondoshea maji. Amoniamu ikiwepo, chokaa huinyang'anya haidrojeni na harufu kali ya amonia hutoka papo hapo: CAN, SA na DAP zote hunuka. Urea hainuki, kwa sababu bado haijavunjwa. Chokaa ya kilimo, ule unga wa mawe, haina ubesi wa kutosha kwa jaribio hili.

Cha nne ni kizuri kuliko vyote kwa urea. Saga soya mbichi isiyokaangwa, tia kijiko kwenye maji yenye urea, funika mahali pa joto. Maharagwe ya jamii hii yamejaa yurease. James Sumner alikifuwelisha kimeng'enya hicho mwaka 1926 kutoka kunde za aina nyingine na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Baada ya nusu saa au zaidi, ukifunua, amonia utaisikia. Chumvi na sukari haziwezi kuiga jibu hilo.

Vipimo hivi vinaeleza mbolea ni ipi, si asilimia ngapi. Anayehitaji asilimia aende maabara. Na tunakataa lile jaribio la kuweka punje kwenye kijiko juu ya moto. Urea huyeyuka kwenye nyuzi 133 na haina vurugu, lakini asiyejua kilichomo anaweza kuwa ameshika nitrati. Katika amonia nitrati −3 na +5 zimekaa bega kwa bega, moja ikiwa na elektroni za kutoa na nyingine ikizihitaji. Joto likizidi zinakutana katikati, zikatoa gesi na joto zaidi. Shehena ya amonia nitrati, iliyowekwa ghalani ikiwa tani 2,750, ililipuka bandarini Beirut tarehe 4 Agosti 2020. CAN imezimuliwa kwa chokaa ili kupunguza hatari hiyo, haijaiondoa. Ihifadhi mbali na dizeli, mafuta, pumba za mbao na moto.

Kwenye ghala, urea na CAN zisikutane hata kwenye ndoo moja. Kila moja peke yake hustahimili hewa ya wastani: kwenye nyuzi 30 urea huanza kunyonya maji unyevu wa hewa unapozidi asilimia 73 hivi, amonia nitrati karibu 59. Zikichanganywa mchanganyiko huanza kunyonya kwenye asilimia 18, yaani siku yoyote ya mwaka, na ndani ya saa chache unakuwa na uji unaoganda kwenye vidole na mashine. Pwani, ambako unyevu hupita asilimia 73 usiku mwingi, mfuko wa urea ukifunguliwa utumike wote au ufungwe kwenye nailoni. Urea iliyoganda bonge haijaharibika kikemia. Ponda uitumie, ila pima upya kifuniko.

Wanaopuliza urea kwenye majani waulize biureti, kitu kinachojitengeneza urea inapopata joto kali kiwandani. Kwa kufukia udongoni, hadi asilimia 1 hivi haina shida. Kwa majani, hasa kahawa na machungwa, tafuta iliyo chini ya asilimia 0.25, na usizidishe gramu 200 kwenye lita 20 za maji, jioni.

Kuna urea zilizotiwa kizuizi cha yurease, NBPT. Mahali pasipowezekana kufukia zinastahili nyongeza ya bei, kwa kuwa zinakununulia siku kadhaa za kusubiri mvua. Urea iliyopakwa mafuta ya mwarobaini, ambayo India iliilazimisha kwa viwanda vyake mwaka 2015, hulenga hatua ya pili, kuchelewesha bakteria wa nitrati. Kwa urea iliyorushwa juu ya ardhi bila kufukiwa usiitegemee.

Mifugo ndiyo tahadhari ambayo mfuko hauisemi kwa maandishi makubwa ya kutosha. Tumbo la ng'ombe na mbuzi lina yurease nyingi, na punje zilizomwagika, au maji ya ndoo iliyooshewa mbolea, huzalisha amonia kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuiondoa. Mnyama hutetemeka, hutoa povu, tumbo hujaa gesi, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Mwite daktari wa mifugo mara moja. Tiba ya dharura inayojulikana ni siki iliyochanganywa na maji mengi ya baridi, kwa sababu asidi huirudisha amonia kuwa amoniamu isiyopita kirahisi kwenye damu. Mifuko mitupu isitumike kubebea chumvi ya mifugo wala unga.

Kwa visima vilivyo chini ya shamba, hatari ni ile +5. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa, kwa ajili ya watoto wachanga. Tumboni mwao nitrati hushushwa kuwa nitriti, nayo nitriti huinyang'anya chuma ya damu elektroni moja, ikatoka +2 hadi +3, na damu hiyo haibebi tena oksijeni. Kuchemsha maji hakusaidii. Yanapopungua, nitrati huzidi kukolea. Mtoto anayenyweshwa maziwa ya kopo apikiwe kwa maji ya chanzo kingine, na mbolea ya ekari hiyo igawanywe mara mbili au tatu badala ya kuwekwa yote siku moja.